Namna ya Kuuchunguza Mto Mdogo na Kidakio Chake: Mwongozo kwa Wakazi wa Mwanza na Mwambao wa Ziwa Victoria

Kutoka kwenye vilima vya mawe vinavyoizunguka Mwanza, maji ya mvua hushuka ziwani kwa njia nyingi fupi, na baadhi ya njia hizo hazifiki hata kilomita tano kutoka chanzo hadi mwisho. Mto Mirongo, unaopita Mabatini na kukatiza katikati ya jiji, unajulikana na kila mtu. Vijito vingine vya Nyamagana, Ilemela na vijiji vya mwambaoni havimo katika ramani nyingi, ingawa wanaovivuka kila siku kwenda shuleni au sokoni wana majina yao ya kuviita. Kwa kuwa maji ya bomba ya jiji huvutwa kutoka ziwani, pale Capri Point na Butimba, ni rahisi kuviona vijito hivi kama mitaro tu. Lakini kila kinachooshwa kilimani hufika katika ziwa lile lile tunalokunywa.

Mwongozo huu unaeleza namna ambavyo mtu asiye mtaalamu, awe mwalimu na wanafunzi wake, mjumbe wa kamati ya mtaa au mkulima mwenye shamba kando ya maji, anavyoweza kuuchunguza mto mmoja mdogo kwa ukamilifu: mipaka ya eneo linaloulisha, mteremko wake, udongo wake, kiasi cha maji yake na mahali unapoishia. Watu wengi huanza kazi hii ndani ya maji, na hapo ndipo wanapopoteza njia. Mimi nasisitiza kinyume chake, yaani kwamba mto huanza kusomwa juu kabisa, kwenye mgongo wa kilima mahali ambapo hakuna hata tone la maji linaloonekana, kwa sababu karibu kila jambo utakaloliona chini lina sababu yake huko juu.

Hatua ya kwanza: Chagua mto na uweke nukta ya mwisho

Kidakio ni eneo lote la ardhi ambalo mvua ikinyesha juu yake, maji yasiyonywewa na mimea wala kurudi angani kwa mvuke hatimaye hupita katika nukta moja. Ni kama paa la bati na mfereji wake: maji yote ya upande mmoja wa paa hutokea kwenye mdomo mmoja. Kwa hiyo hakuna kidakio mpaka kwanza uwe umechagua nukta hiyo. Kwa kijito kifupi, nukta ya mwisho inaweza kuwa pale kinapoingia ziwani. Kwa mto mrefu zaidi, chagua daraja, kalavati au makutano yake na mto mwingine, mahali panapofikika kwa miguu majira yote.

Usichague mto mkubwa kwa kutaka sifa. Mto Simiyu, unaoanzia kwenye nyanda za Serengeti na kuingia katika Ghuba ya Speke upande wa Magu, una kidakio kinachohitaji ofisi nzima kukifuatilia. Anza na kijito ambacho kidakio chake hakizidi kilomita za mraba tano, ili uweze kuuzunguka mpaka wake wote kwa miguu kati ya asubuhi na alasiri.

Hatua ya pili: Maandalizi, ruhusa na usalama

Vifaa ni vichache: ramani ya topografia ya kipimo cha 1:50,000 inayotolewa na idara ya serikali ya upimaji na ramani, karatasi ya kunakilia inayopitisha mwanga, karatasi ya miraba, penseli na kifutio, futikamba, kamba yenye urefu wa mita 10, fimbo iliyonyooka yenye alama za sentimita, saa ya kuhesabu sekunde, chupa safi zisizo na rangi, na daftari gumu. Simu yenye uwezo wa kuonyesha mahali ulipo husaidia sana, ila usiutegemee mwinuko inaousoma, kwa sababu kosa lake la juu na chini ni kubwa kuliko kosa lake la kando.

Kabla ya kwenda kokote, mweleze mwenyekiti wa mtaa au wa kitongoji unachotaka kufanya. Mgeni mwenye kamba na daftari anayepimapima kando ya mashamba ya watu huleta wasiwasi wa haraka kuhusu mipaka na fidia, na wasiwasi huo ni wa haki. Ukitanguliza taarifa, na ukiwaamkia wenyeji kama inavyopasa, utapata pia wa kukuongoza.

Kuhusu usalama, nasema bila kuzunguka. Mwambao wa Ziwa Victoria una kichocho kingi. Vijidudu vyake hutoka kwenye konokono wadogo wanaoishi majini, hasa penye maji yanayokwenda polepole na majani, na humpenya mtu kupitia ngozi isiyo na jeraha lolote. Konokono hutoa vijidudu hivyo kwa wingi zaidi jua likiwa kali, mchana. Vaa buti za mpira zinazofika magotini, fanya vipimo vya majini asubuhi, na usiwaingize watoto mtoni hata kama maji yanaonekana safi. Karibu na mdomo wa mto penye matete na mafunjo kunaweza kuwa na kiboko au mamba, hivyo usiende bila mvuvi au mwenyeji anayepajua. Na juu ya vilima vitupu, wingu likianza kunguruma, shuka. Ukanda huu una radi nyingi, na jabali lililo peke yake kileleni si mahali pa kungojea mvua ipite.

Hatua ya tatu: Chora mpaka wa kidakio kwenye ramani

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote, na inastahili kufanywa mezani kwa utulivu kabla hujavaa viatu.

Tandaza karatasi ya kunakilia juu ya ramani, kisha uchore mto wako na matawi yake yote kwa penseli ya bluu. Baada ya hapo zitazame kontua, yaani mistari inayounganisha mahali penye mwinuko ulio sawa. Angalia pembezoni mwa ramani ujue tofauti ya mwinuko kati ya kontua moja na inayofuata, na kama imeandikwa kwa mita au kwa futi, kwa sababu ramani za zamani hutumia futi. Mahali kontua zinapokaribiana, mteremko ni mkali; mahali zinapoachana, ardhi imelala.

Sasa jizoeze kuyatofautisha mabonde na migongo. Kontua inapokata bonde hupinda, na ncha ya mpindo huo huelekea juu, kwenye chanzo cha maji. Inapokata mgongo wa kilima hupinda pia, lakini ncha yake huelekea chini. Chukua muda hapa. Weka alama ndogo kwenye ncha za migongo yote iliyo kando ya mto wako, kushoto na kulia, na alama nyingine kwenye vilele vyote vinavyouzunguka.

Kisha anza kwenye nukta yako ya mwisho na uchore mstari unaopanda kwenye mgongo wa upande mmoja, ukipita kileleni, ukishuka kwenye tandiko la kati ya vilima viwili, ukipanda tena, mpaka uuzunguke mto wote pamoja na vyanzo vya matawi yake na kurudi kwenye nukta ile ile kwa upande wa pili. Kuna kanuni mbili za kuukagua mstari huu. Ya kwanza, lazima ukate kila kontua kwa pembe mraba, kwa sababu maji hushuka kwa njia ya mkato kutoka kontua moja hadi nyingine, na mpaka ni pale ambapo yanagawanyika. Ya pili, mstari huo hauruhusiwi kukata mto wala mkono wowote wa mto isipokuwa kwenye nukta ya mwisho tu. Ukiona umevuka kijito, ama umechukua eneo la jirani, ama umeacha nje tawi lililo lako.

Ukishaufunga mpaka, pima eneo. Katika ramani ya 1:50,000, sentimita 2 ni kilomita 1, hivyo mraba wenye upande wa sentimita 1 ni sawa na kilomita ya mraba 0.25. Hamishia umbo la kidakio kwenye karatasi ya miraba, hesabu miraba iliyojaa, kisha ile iliyokatwa na mpaka uijumlishe nusu kwa nusu. Tuchukue mfano tutakaokwenda nao hadi mwisho: kidakio chenye miraba 12 ni kilomita za mraba 3.

Pima pia urefu wa mto kwa kuulaza uzi juu ya mikunjo yake yote. Mto wetu wa mfano una kilomita 3.2, chanzo chake kiko mita 1,230 juu ya usawa wa bahari, na unaingia ziwani, ambako uso wa maji uko takriban mita 1,134. Tofauti ni mita 96, sawa na mita 30 kwa kila kilomita. Huo ni mteremko mkali kwa mto, ingawa wastani huo huficha mengi, kwa kuwa vijito vya Mwanza kwa kawaida huporomoka kati ya mawe katika kilomita ya kwanza na kisha kulegea kwenye tambarare fupi kabla ya ziwa. Kwa sababu hiyo, chora mchoro wa ubavu: umbali kwenye mstari wa chini, mwinuko kwenye mstari wa wima, ukiweka nukta kila mto unapokata kontua. Mahali mchoro unapovunjika kutoka ukali kwenda ulegevu, weka alama nyekundu, kwani hapo ndipo mto hutua mzigo wake wa mchanga na hapo ndipo hufurika.

Mwenye kompyuta anaweza kufanya kazi hii yote kwa programu ya bure iitwayo QGIS, akitumia data za mwinuko zilizokusanywa kwa rada kutoka chombo cha angani mwezi Februari 2000, ambazo huonyesha ardhi kwa vipande vya takriban mita 30 kwa 30. Ni msaada mzuri. Hata hivyo, kwa kijito cha kilomita tatu kati ya majabali na nyumba, vipande vya mita 30 huweza kuukosa mtaro au mwamba unaogeuza maji, na mtu aliyewahi kuchora kwa mkono atalitambua kosa hilo upesi zaidi.

Hatua ya nne: Utembee mpaka

Sasa beba mchoro wako na uufuate mpaka kwa miguu. Katika kila kituo jiulize swali moja tu: ndoo ya maji ikimwagwa hapa, yatakwenda upande gani? Vijijini, jibu la ardhi kwa kawaida litakubaliana na ramani. Mjini mambo hubadilika. Barabara iliyokatwa kwenye ubavu wa kilima huyashika maji na kuyapeleka kwenye mtaro wake hadi upande wa pili wa mgongo. Kiwanja kilichosawazishwa hugeuza mteremko. Ukuta wa nyumba huyatuma maji kwa jirani. Katika kata zenye nyumba zilizopanda hadi juu ya mawe, kama Igogo na Mabatini, ngazi na vichochoro ndivyo vijito vya mvua. Chora mpaka wa pili kwa rangi nyingine kuonyesha maji yanakokwenda sasa, na uuache ule wa kwanza uonekane. Tofauti kati ya mistari hiyo miwili mara nyingi ndiyo inayoeleza kwa nini mtaa fulani ulianza kupata mafuriko ambayo wazee hawakuyajua.

Ukiwa juu, yatazame mawe. Majabali ya Mwanza ni ya granaiti, yenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5, na yamepasuka kwa mistari ya wima na ya ulalo iliyoyagawa kuwa matofali makubwa yaliyobebana. Granaiti nzima hainywi maji. Mvua ikipiga juu ya mwamba mtupu, karibu yote huteremka papo hapo. Lakini kwenye nyufa zake maji huzama, huenda polepole chini ya majabali, na kutokea tena chini ya kilima, pengine miezi kadhaa baada ya mvua kukoma.

Chanzo cha kijito mara nyingi kiko hapo, mahali jabali linapokutana na udongo. Kukitambua wakati wa kiangazi kunahitaji kuinama. Utaona weusi wa unyevu unaopanda kwenye jiwe kwa kiasi cha kiganja, ukungu wa kijani chini yake, kisha mchanga mnene wenye chembe nyeupe na za rangi ya waridi uliolowa bila kuwa na maji juu yake. Ukichimba kwa vidole, kishimo hujaa taratibu, na maji yake huwa safi na baridi. Hatua chache chini yake majani hubadilika kuwa ya kijani kibichi ilhali ya pembeni yamekauka, na matete ya kwanza husimama. Piga picha, weka alama kwenye ramani, na usipanue kishimo hicho. Mara nyingi kuna akina mama wanaokitegemea, na chanzo kilichochimbwachimbwa huziba kwa tope.

Hatua ya tano: Shuka na udongo

Wasukuma walikuwa wameziainisha ardhi za miteremko hii kabla wataalamu hawajafika. Chini ya mawe kuna luseni, udongo wa kichanga mwepesi unaolimika upesi kwa muhogo na viazi vitamu. Chini zaidi kuna itogolo, udongo wa kijivu wenye tabaka gumu chini yake, ambako majani ni machache na maji hutuama juu. Bondeni kabisa kuna mbuga, udongo mweusi wa mfinyanzi wa majaruba ya mpunga. Geoffrey Milne, mtaalamu wa udongo aliyefanya kazi Amani katika Tanganyika ya miaka ya 1930, aliupa mpangilio wa aina hii, wa udongo unaofuatana kutoka kileleni hadi bondeni, jina la katena, na jina hilo sasa linatumika duniani kote.

Mpangilio huo una maana kubwa kwa mto, kwa hiyo chimba shimo dogo katika kila ukanda, chukua gao la udongo, uloweshe na ujaribu kuuviringisha kuwa uzi. Usioviringika ni mchanga, na maji huzama ndani yake. Unaoviringika na kupindwa bila kukatika ni mfinyanzi. Mbuga ikikauka hupasuka nyufa zinazoweza kumeza mguu, na mvua za kwanza za vuli, Oktoba na Novemba, huishia ndani ya nyufa hizo bila mto kuongezeka sana. Nyufa zikishafunga, mvua ile ile ya Machi au Aprili hupita juu na kuufurisha mto. Asiyelijua hili hudhani masika ya mwaka huo yalikuwa na nguvu za ajabu, kumbe ni ardhi iliyokuwa imeshashiba.

Kwenye ramani, paka rangi matumizi ya ardhi: mwamba mtupu, nyumba na barabara, mashamba, malisho, miti. Kama kuna ngitili, yaani malisho yaliyofungiwa ili majani yaote wakati wa mvua na kuliwa kiangazi, ioneshe peke yake, kwani ardhi iliyofunikwa hivyo huyachelewesha maji na kuyazamisha. Makorongo nayo yapime upana na kina, kisha yarudie baada ya masika. Upesi wa korongo kupanda kuelekea kilimani ni habari ya thamani kwa mwenye shamba lililo juu yake.

Hatua ya sita: Pima maji yanayopita

Tafuta kipande cha mto kilichonyooka kwa mita 10, kisicho na jabali katikati wala maji yaliyotuama. Tandika kamba kando ya ukingo, ukiweka alama mwanzo na mwisho.

Pima kwanza mkato wa mto, yaani eneo la maji kama ungeukata mto kutoka ukingo hadi ukingo na kuutazama kwa mbele. Nyoosha futikamba kutoka ukingo hadi ukingo, na kila baada ya kipimo kilicho sawa shusha fimbo upime kina. Katika mfano wetu mto una upana wa mita 1.6, na vina katika kila mita 0.4 ni 0 ukingoni, kisha mita 0.12, 0.20 na 0.13, halafu 0 ukingo wa pili. Jumla ya vina ni mita 0.45, na ukizidisha kwa 0.4 unapata mkato wa mita ya mraba 0.18.

Sasa pima mwendo. Kitu kizuri cha kuelea ni chungwa au ndimu, kwa kuwa huzama karibu lote na halisukumwi na upepo wa ziwa kama linavyosukumwa jani au kipande cha plastiki. Litupe hatua chache juu ya alama ya kwanza, hesabu sekunde hadi alama ya pili, rudia angalau mara tano, na utumie wastani. Likitumia sekunde 25 kwa mita 10, mwendo wa juu ni mita 0.4 kwa sekunde. Maji ya chini hukokotwa na mawe, kwa hiyo zidisha kwa 0.8, au 0.7 kama kitanda cha mto ni cha mawe makubwa. Hapa tunapata 0.32. Zidisha na mkato wa 0.18, na mto wako unapitisha takriban mita za ujazo 0.058 kwa sekunde, sawa na lita 58. Kwa siku nzima hiyo ni karibu lita milioni 5, kiasi cha ndoo 250,000 za lita 20.

Usipime mto uliofurika kwa kuingia ndani. Subiri ushuke, kisha tafuta alama zilizoachwa na maji: majani makavu na mifuko ya plastiki iliyonasa kwenye matawi, mstari wa tope kwenye ukuta, mchanga mpya juu ya majani yaliyolala. Pima urefu wake kutoka kitandani mwa mto. Halafu waulize wakongwe, ukianza kwa shikamoo na kuketi nao, si kuwahoji umesimama: "Babu, maji yaliwahi kufika wapi, na mwaka ule kulikuwa na nini kingine?" Mtu anaweza asiukumbuke mwaka, lakini akakumbuka kwamba ndio mwaka aliooa au daraja lilipochukuliwa.

Hatua ya saba: Linganisha na mvua

Mwanza hupata takriban milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, katika misimu ya vuli na masika, na ukame mkali wa kati ya Juni na Agosti. Ng'ambo ya ziwa, Bukoba hupata karibu mara mbili ya hizo, kwa sababu pepo za mashariki huusukuma unyevu wa ziwa upande huo. Hivyo takwimu za mahali pengine hazitakufaa, hata za mwambao huu huu. Weka kipimamvua chako ndani ya kidakio, mahali peupe mbali na miti na paa, na ukisome kila siku saa tatu asubuhi. Chombo chochote chenye kuta zilizonyooka wima kitafaa, mradi unapima kina kwa rula.

Hesabu yenyewe ni rahisi: milimita 1 ya mvua juu ya kilomita ya mraba 1 ni mita za ujazo 1,000. Mvua ya milimita 30 kwenye kidakio chetu cha kilomita za mraba 3 ni mita za ujazo 90,000. Tuseme theluthi moja tu imeteremka mtoni, na imepita ndani ya saa mbili: hizo ni mita za ujazo 30,000 kwa sekunde 7,200, wastani wa zaidi ya mita za ujazo 4 kila sekunde. Kijito ulichokiruka kwa hatua moja asubuhi kimeongezeka mara sabini. Nawasihi wanaojenga vivuko na makalavati ya mitaa waifanye hesabu hii kabla ya kununua mabomba, kwa sababu bomba linalotosha kwa kijito cha Julai haliwezi kuyapitisha maji ya Aprili, na maji yasiyopita chini ya barabara hupita juu yake au ndani ya nyumba za watu.

Pamoja na kipimo cha mvua, jaza chupa ya maji ya mto, iache itulie usiku kucha, na asubuhi pima unene wa tope lililotua. Ukifanya hivyo juu na chini ya mahali panapochimbwa mchanga, au kabla na baada ya makutano na tawi fulani, utajua tope linatoka wapi bila kumshuku mtu bure.

Hatua ya nane: Mdomo wa mto

Mdomo hauko mahali pamoja miaka yote. Kina cha ziwa hupanda na kushuka kwa kutegemea zaidi mvua inayolinyeshea ziwa lenyewe na maji yanayotoka Jinja kwenda Mto Nile. Baada ya mvua kubwa za 1961 na 1962 ziwa lilipanda kwa zaidi ya mita 2, na mwaka 2020 lilirudi kwenye viwango vya juu vilivyokuwa havijaonekana tangu 1964. Ziwa likipanda, maji ya sehemu ya chini ya kijito hukosa pa kwenda, mchanga hutua mapema zaidi, na mafuriko huanza ndani kuliko ilivyozoeleka. Kwa hiyo kila unapochora mdomo, andika tarehe.

Waulize wavuvi kuhusu ningu. Samaki huyu, pamoja na kambale, hupanda mitoni maji yanapojaa ili kutaga, na kujua kama bado anapanda katika kijito chako ni kipimo cha afya yake ambacho hakuna chupa itakayokupa. Tazama pia matete na mafunjo yaliyobaki. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto au ziwa, shughuli za kibinadamu za kudumu au zile ambazo kwa asili yake zinaweza kuathiri ulinzi wa kingo hizo. Pima mita hizo 60 kwa futikamba na uonyeshe kwenye ramani kilichomo. Kazi yako hapa ni kuchora kilichopo. Kama kuna nyumba au bustani ya mtu, iandike kama nyumba au bustani, bila jina la mwenyewe.

Hatua ya tisa: Kuhifadhi kumbukumbu

Ramani moja ya siku moja ina faida ndogo. Rudia vipimo vya maji walau mara nne kwa mwaka: mwishoni mwa kiangazi mwezi Septemba, katikati ya vuli, kileleni mwa masika, na mwezi mmoja baada ya mvua kukatika. Kipimo cha Septemba nakithamini kuliko vyote, kwa kuwa maji yanayotiririka wakati huo ni yale tu yaliyotunzwa na nyufa za miamba na mchanga wa juu, na yakipungua mwaka hadi mwaka huku mvua ikiwa ile ile, kuna jambo limebadilika kwenye sehemu ya juu ya kidakio.

Katika kila ukurasa wa daftari andika tarehe, saa, hali ya hewa ya siku tatu zilizotangulia, mahali hasa ulipopimia, na aliyepima. Tumia sehemu ile ile ya mto kila mara, na kama mafuriko yameibadilisha, eleza. Weka nakala moja ya ramani ofisi ya mtaa au ya kijiji, nyingine shuleni, na nyingine uipeleke Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, yenye makao yake hapa Mwanza. Bodi hupima mito mikubwa, na kijito cha kilomita tatu ni nadra kuwa na kituo chake, hivyo daftari lako la miaka miwili au mitatu linaweza kuwa kumbukumbu pekee ya maji hayo. Ukipeleka nakala hizo, ambatanisha pia kurasa za vipimo vyenyewe, si ramani iliyosafishwa pekee, ili atakayekuja kupima baada yako aweze kusimama mahali pale pale uliposimama.